Shamba la Mwisho wa Mfereji

Kwanza vueni viatu. Mlinzi wa maji hatembei kando ya mfereji kama mtu anayekwenda misani. Anatembea ndani yake, suruali au kitenge kimekunjwa hadi magotini, na miguu ndiyo inayompa habari. Mguu ukizama kuliko ulivyozama juzi, ujue mchanga umeanza kujaa mahali hapo. Ukihisi maji yanakuvuta kisigino kuelekea ukingoni, simama, kwa sababu kuna shimo la kaa na maji yanatoroka. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na vidole vyangu vya miguu vina makovu ya kuwaonyesha.

Mimi ni Mama Neema. Ninyi wa mfereji wetu, huko nyuma ya Kiwanja, mnanijua. Wengine niwaambie kwamba nilikuwa mlinzi wa maji wa wakulima, na sasa nakaa Goma, mtaa wa Katoyi, kwa binti yangu. Naandika katika daftari la shule ambalo wajukuu waliliacha na kurasa tupu nyuma. Vita ilitufukuza, mfereji ukafunikwa na majani miaka kadhaa, na sasa vijana wamerudi kuuzibua. Wameniomba niwaeleze ulivyokuwa ukifanya kazi. "Mama, andika tu kidogo," wakasema. Mtu aliyekaa muda wote huu bila kusikia maji yakipita karibu na mlango wake hawezi kuandika kidogo.

Mfereji wetu haukuchimbwa na serikali. Wazee waliuchimba kwa jembe na koleo, wakaupitisha ubavuni mwa kilima kutoka mtoni hadi kwenye uwanda. Pale unapoanzia tuliita kichwa. Mashamba ya kichwa yana maji hata mlinzi akiwa amelala. Kisha kuna katikati, kisha mkia, na mkiani waliwekwa waliofika mwisho na wajane ambao hakuna aliyewasemea. Mimi nilikuwa vyote viwili. Mume wangu alifariki nikiwa na watoto wawili, na nilipoomba mahali pa kulima nikapewa kipande cha mwisho kabisa, ambapo baada yake kuna nyasi tu. Katika kiangazi, maji yakifika kwangu, yalikuwa yamepita mikononi mwa watu wote.

Mlinzi wa maji wa wakati ule alikuwa Muzee Kambale, mwenyeji wa Butembo aliyeoa kwetu, mtu mfupi mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Mgongo ulipoanza kumkatalia, aliita mkutano uwanjani kwa parokia. Watu wa kichwa walikuwa wamekwisha kumchagua mtu wao, kijana mwenye nguvu anayekaa karibu na mto. Muzee Kambale aliwasikiliza wote hadi wakamaliza. Kisha akauliza, "Kwa mukia, nani njo wa mwisho kabisa?"

Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa nyuma namenya maharagwe.

"Ule mwanamuke?" akasema presida wetu, mkuu wa komite ya mfereji. "Muzee, kazi ya mayi ni ya kupigana na batu."

"Mayi haiulizake kama ni mwanamuke," Muzee Kambale akajibu. "Mulinzi anatoka kwa mukia. Ni vile tulianza, ni vile itaendelea. Mutu wa kichwa akilala, shamba yake inakunywa. Huyu akilala, batoto yake banalala njaa. Sasa nani atalala?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwa kuwa wa mwisho. Nilirudi nyumbani nikiwa na kiburi na hofu, na maharagwe yangu sikuyamaliza.

Jambo la kwanza alilonifundisha Muzee Kambale ni kuupanda mfereji. Mlinzi mvivu anaanzia mtoni na kushuka, kwa sababu kule maji ni mengi na moyo unafurahi. Muzee Kambale alikuwa anaanzia mkiani, mahali maji hayapo, na kupanda akiyatafuta. Ukishuka, utaona maji kila mahali hadi yatakapokuishia, na hapo umechoka na jua limekuwa kali, utasema kesho. Ukipanda, huwezi kurudi nyumbani hadi umeyakuta. Ninawaandikia hili kwa herufi kubwa katika daftari langu: PANDENI.

La pili ni udongo. Kaa wa mfereji anatoboa ukingo shimo la ukubwa wa kidole gumba, na ukichelewa siku tatu linaingia mkono mzima. Shimo langu la kwanza nililikuta peke yangu, juu ya shamba la presida yuleyule aliyenipinga mkutanoni. Nikatafuta jiwe zuri, nikaligonga ndani, nikazungushia kitambaa cha zamani, nikajipongeza. Jiwe haliungani na udongo. Maji yakapita kandokando yake, yakachimba taratibu bila mtu kuona, na siku ya pili ukingo wote ukaanguka na kuingia katika kabichi za presida. Kabichi zilielea. Naziona hadi leo, kichwa baada ya kichwa, zikishuka kuelekea barabarani na watoto wa shule wakizishangilia. Presida alisimama mlangoni kwake na mswaki mdomoni.

Muzee Kambale alinipeleka kwenye kichuguu. Udongo wa kichuguu upondwe, uchanganywe na majani makavu yaliyokatwakatwa, umwagiwe maji kidogo, ukandwe kama ugali mgumu. Kabla ya kuziba, lipanue shimo lenyewe hadi ufike mwisho wake, umtoe kaa mwenye nyumba, la sivyo atatoboa upya kesho. Kisha jaza kidogokidogo na kila tabaka ulikanyage kwa kisigino. Msitumie ngumi wala jembe, kisigino ndicho kinachojua. Na huyo kaa mpeni mtoto ampike supu.

Milango ya maji tulitengeneza kwa mgomba. Unakata kipande cha shina urefu wa mkono, unakilaza kwenye mdomo wa mtaro unaoingia shambani, unakikandamiza kwa matope, na maji yamefungwa. Ikifika zamu ya shamba hilo, unakivuta. Baada ya juma moja kinaoza. Watu wa projeti moja ya msaada waliokuja na gari jeupe walisikitika sana kuona hivyo. Wakatuletea milango ya chuma yenye kufuli, rangi ya bluu, mizuri kweli. Tukapiga makofi, tukapigwa picha. Funguo wakampa mtu mmoja wa komite, na yule mtu, sio mbaya, alifiwa na shemeji yake Kiwanja, akaenda kwenye matanga na funguo mfukoni. Alikaa huko siku nne. Mlango ulikuwa wazi kwenye shamba moja la vitunguu na umefungwa kwa wengine wote. Vitunguu vikaoza kwa maji, maharagwe yakakauka kwa kukosa maji, na vyote vilitazamana kuvuka njia moja. Mwishowe tukavunja kufuli kwa jiwe.

Enjeniere wao aliporudi akaniuliza kwa nini tumerudia migomba ambayo inaoza. Nikamwambia kwamba kuoza ndiyo faida yake. Mlango wa mgomba unamlazimisha mtu kuja kila juma kuubadilisha, na akija ataona na mengine: ufa, kaa, jirani mwizi. Mlango wa chuma mtu anaufunga na kusahau kwamba ana mfereji. Enjeniere aliandika kitu katika kitabu chake. Alikuwa mtu mpole, sijui aliandika nini.

Simu nazo zilituletea vituko. Zamani zamu ya asubuhi iliisha kwa kengele ya parokia ya saa sita, na hakuna aliyebishana na kengele. Simu zilipoingia kila mtu akawa na saa yake. Papa Bizimana, mwenye shamba la kwanza kabisa kule kichwani, ambaye nampenda na ambaye ni mwizi wa maji tangu azaliwe, alikuwa hafungi kwake hata kengele ilie mara ngapi.

"Mama Neema, bado," ananiambia, ananyoosha simu. "Angalia weye mwenyewe. Saa tano."

Nilitazama, na kweli ilikuwa saa tano. Juma zima nilijiona mimi ndiye mjinga. Nilifikiri padri anawahisha kengele kwa sababu ya njaa. Kisha mkwe wangu alipotutembelea akaichukua ile simu, akaicheka. Papa Bizimana aliinunua kwa mfanyabiashara aliyetoka Kinshasa, na ilikuwa bado inasoma saa ya Kinshasa, ambako wanachelewa kwetu kwa saa nzima. Saa moja ya maji kila siku alikuwa anainywa kutoka upande mwingine wa nchi. Nilipomwambia alishika kifua kama mtu aliyesingiziwa. "Mimi sikujua, kweli ya Mungu." Labda hakujua. Lakini sijawahi kuona mtu ambaye simu yake ilikosea ikampunguzia maji. Tukarudia kengele.

Nacheka ninapoandika haya, na binti yangu ananitazama kutoka jikoni, anafikiri nimeanza kuzeeka vibaya. Hajui ninavyoumia. Hapa Goma mvua inanyesha kubwa, inapiga mabati hadi hamsikizani, na ikikatika unatoka nje na maji hayapo. Mawe ya volkano yameyameza yote. Hakuna kijito, hakuna mtaro unaoendelea kutiririka baadaye, hakuna chura. Nimekaa kambini Kanyaruchinya chini ya hema, nimekaa hapa Katoyi chini ya bati, na mahali pote pawili nilikuwa naamka alfajiri na miguu inataka kwenda. Nina hamu ya matope baridi kati ya vidole. Nina hamu ya ile harufu ya majani yaliyokatwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kuzibua, wakati mfereji wote umejaa watu wameinama, kila mmoja na kipande chake kilichopimwa kwa fimbo, na wanawake wa mkia wanawatania wanaume wa kichwa kwamba wanafagia badala ya kuchimba. Na nina hamu ya shamba langu. Lilikuwa dogo, la mwisho, na nilikuwa najua kila kona yake mahali maji yanapopenda kusimama.

Sasa niwaeleze kosa ambalo si la kuchekesha. Sikutaka kuliandika, lakini bila hilo mtaona kwamba Mama Neema ni mwanamke mzee anayeshikilia desturi kwa ajili ya desturi.

Miaka ya katikati ya kazi yangu, shemeji yangu alihamia Kiwanja kufanya biashara ya moto, pikipiki za abiria, akaniachia shamba lake kichwani, hatua chache kutoka kwa Papa Bizimana. Shamba jeusi, maji mlangoni. Watoto walikuwa wanakua, wanakula kama nzige, na nani angekataa? Nikahamia huko na nyumba yangu. Kipande changu cha mkiani nikakiacha kilale. Kazi ya ulinzi nikabaki nayo, kwa sababu hakuna aliyesema kitu na mimi sikusema.

Mwezi wa kwanza niliendelea kushuka hadi mkiani, kisha kupanda nikitafuta maji kama nilivyofundishwa. Mwezi wa pili nikaona ni kupoteza nguvu kushuka mikono mitupu, nikaanza kuanzia juu. Mwezi wa tatu nilikuwa nafika katikati, naona maji yanakwenda vizuri, yanang'aa, najiambia yatafika. Sikuwa mwizi. Sikumwonea mtu. Kila asubuhi nilitoka nje nikaona mfereji umejaa, na mtu anayeona mfereji umejaa kila asubuhi anaamini kwamba umejaa.

Jirani yangu wa zamani mkiani alikuwa Mama Kavira. Tulikuwa tumelima mpaka kwa mpaka, watoto wangu walikula kwake. Asubuhi moja katika kiangazi alikuja kwangu kichwani, amebeba fungu la maharagwe amelifunga kwa kamba. Nilifikiri ni zawadi. Alipoliweka mlangoni nikaona ni mimea iliyokauka, imeng'olewa na mizizi, maua yake yamekuwa vumbi. Ilikuwa mbegu yake ya mwisho.

"Uko muzima, Mama Neema?" akauliza.

"Niko muzima," nikasema.

"Na batoto?"

"Banaendelea."

"Basi, Mungu asaidie," akasema, akaondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Baada ya majuma mawili alifunga mizigo yake akarudi kwa ndugu zake Butembo, na nyumba yake ikabaki wazi.

Wengine wa mkia hawakuhama, lakini walifanya jambo jingine, nalo mlisikilize vizuri ninyi mnaopanga mipango. Hawakuja kwenye salongo. Kwa nini wazibue mfereji ambao hauwanyweshi? Mikono ya mkia ilikuwa mingi kuliko ya kichwa na katikati pamoja. Mvua ya kwanza ilipobomoa mawe tuliyopanga mtoni kuelekeza maji mferejini, tulisimama pale watu kumi na wawili kufanya kazi ya watu sitini. Ilichukua muda mrefu mno, na mwishowe hata Papa Bizimana alikosa maji ya kunawa.

Muzee Kambale alikuja na fimbo yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nikaanza mwenyewe kulia na kujitukana. Akanizuia.

"Acha ile," akasema. "Hakuna mutu mubaya hapa. Mutu anaonaka mayi kufatana na mahali shamba yake iko. Ni njo maana tulisema kwa mukia. Hatukusema vile juu bale ba mukia ni bazuri."

Wiki ile ile nilihama. Shamba la kichwa nikawaachia watoto wa shemeji, nikabomoa nyumba, nikabeba mabati kichwani hadi mkiani, watu wananitazama. Sikutoka tena huko hadi vita iliponitoa. Mama Kavira nilimtafuta miaka mingi, na nilipopata namba yake nilimwomba msamaha katika simu. Akasema alikwisha kusamehe zamani. Kisha akauliza, "Lakini mayi inafikaka kule sasa?" Nikamwambia inafika. Wakati ule ilikuwa kweli.

Sasa nafika kwenu. Mwanzo wa kiangazi hiki alikuja hapa Katoyi msichana mmoja, Sifa, binti wa Papa Bizimana. Namwita msichana, ana watoto wawili. Aliletwa na mwendesha moto hadi barabarani, akaingia na mfuko wa maharagwe mapya na salamu nyingi. Nilimtazama mikono. Ilikuwa na malengelenge, nikafurahi.

Akanieleza kwamba wamefanya salongo, mawe ya mtoni yamerudi mahali pake, na maji yamekwisha kufika katikati. Komite mpya imemchagua yeye kuwa mlinzi, kwa kuwa anakaa karibu na mto na ana simu ya kupiga picha. Alipomaliza hayo akaanza kukunja kona ya kitenge.

"Sema ile ingine," nikamwambia.

"Mama, komite inasema tukate mfereji pale katikati. Kwa mukia kumekuwa pori. Hakuna mutu amerudia kule. Mayi ni kidogo, juu ya nini tuipeleke kwa nyasi? Banataka tu wewe ukubali, juu shamba yako iko kule. Ukikubali weye, hakuna mwingine atakataa."

Binti yangu alileta chai, ikapoa. Mkifunga mfereji katikati, mkia haurudi tena. Mwaka mmoja ukingo unaanguka, mwaka wa pili miti imeota ndani, mwaka wa tatu mtu anasema ni yake. Wale wote walioko Goma, Kanyaruchinya na kwingine, ambao walilima kule, watarudi na kukuta hakuna mahali. Nao hao ndio salongo yenu ya kesho. Nilimweleza hayo. Nikamweleza habari ya Mama Kavira, yote, na fungu la maharagwe mlangoni. Alisikiliza vizuri. Lakini nilimwona machoni kwamba anasikiliza kama mtu wa kichwa, kwa huruma. Huruma haifikishi maji. Mimi mwenyewe nilikuwa na huruma nyingi ule mwaka.

Muelewe kwamba mpango wangu ulikuwa kurudi. Kila usiku binti yangu ananiambia, Mama, magoti yako, na kila asubuhi nawaza nitakavyoanza: kwanza nifyeke kona ya juu, kisha nifungue mtaro, kisha vitunguu. Nilikuwa nimeweka mbegu katika chupa. Miaka yote ya hema na bati nilivumilia kwa sababu nilikuwa mtu mwenye shamba ambaye yuko safarini.

"Sifa," nikasema, "weye uko na shamba?"

"Nalima kwa papa."

"Ile si shamba yako. Mulinzi anatoka kwa mukia. Kamata yangu."

Hakuelewa. Ikabidi nirudie. Nilimwambia alichukue shamba langu la mwisho, liwe lake, si la kukodi wala la kunitunzia, ajenge huko, apande mwaka huu huu, na asilime tena kwa baba yake. Akikubali, ninampa barua kwa mkubwa wa kijiji. Akikataa, basi wamchague mwingine ambaye yuko tayari kulala mkiani, maana mimi kukata mfereji sikubali.

"Na weye, Mama, siku utarudia?"

"Nitakuya kukusalimia," nikamwambia.

Alilia yeye, mimi sikulia. Niliandika barua kwa kalamu ya mjukuu, nikatia sahihi. Ile chupa ya mbegu nikampa pia. Alipoondoka nilikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu nilijua kwamba ninakaa Goma. Sitawadanganya, niliumwa siku kadhaa. Binti yangu alinipeleka kwa daktari na daktari akasema ni tumbo.

Jana asubuhi Sifa, ambaye amekwisha kuzibua hadi mkiani na kupanda, alipiga simu. Hakusalimu, na huyo ni mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mama Neema, hawa batu ba kichwa ni bezi," akaanza. "Nimepanda toka chini, nimepita kila shamba, mayi hakuna, hakuna, mpaka mutoni. Unajua ni nani njo nimekuta amefungulia usiku mzima? Papa. Papa yangu mwenyewe, amesimama pale ananionyesha simu. Na shamba yangu inakauka. Vitunguu byangu bimelala chini. Ananiambia mukia ingojee."

"Na ukafanya nini?"

"Nimekamata mugomba nimemufungia mbele ya macho yake. Sasa mama yangu anasema simuheshimu. Lakini Mama, ni shamba yangu."

Aliposema "shamba yangu" mara ya kwanza nilisikia kitu kinanichoma, nikafungua mdomo nimsahihishe. Mara ya pili nikamwacha agombe. Aligomba vizuri, kwa hasira ya kweli, na nyuma ya sauti yake nilisikia maji yameanza kushuka. Kisha akakatiza ghafla, akauliza, "Mama, uko nalia?"

Nikamwambia ndiyo, ninalia, na aache kumaliza unite zake za simu kwa mwanamke mzee, arudi mbio akaangalie kama baba yake hajafungua tena.